Safari ya Ng'ambo Wakati Mwenza Anaomba Ukaazi wa Kudumu: Sheria ya Nchi na Hukumu ya Fiqhi

 

Ndugu msomaji, miongoni mwa masuala yanayoulizwa sana na Waislamu wa Afrika Mashariki walioko Marekani ni hili: Mume na mke wamepeleka maombi ili mmoja wao apate ukaazi wa kudumu, yaani kadi ya kijani. Maombi hayajajibiwa. Katikati ya kungoja huko mama anaugua Tanga, au harusi ya ndugu imepangwa Mombasa, au mmoja wao amenuia Hija. Je, inafaa kusafiri? Na akisafiri, nini hukumu ya haki za mwenzake anayebaki?

Suala hili lina pande mbili, na wengi hukosea kwa kuangalia upande mmoja. Upande wa kwanza ni sheria ya nchi, ambayo mwombaji ameikubali kwa saini yake. Upande wa pili ni haki za mume na mke mbele ya Allah (S.W.), ambazo hazisimami kwa sababu karatasi ziko ofisini. Tutaeleza pande zote mbili, In shaa Allah.

NANI HASA ANAYESAFIRI?

Kabla ya kutoa jibu ni lazima kwanza ijulikane hali ya msafiri. Wapo watu wa aina tatu. Wa kwanza ni mwenza anayeomba ukaazi naye yumo ndani ya Marekani. Wa pili ni mwenza anayemdhamini mwenzake, ambaye ni raia au ni mkaazi wa kudumu. Wa tatu ni mwenza aliyebaki nyumbani, Unguja, Lamu au Bujumbura, akingojea kuitwa ubalozini. Sheria ya kila mmoja ni mbali, na kumpa mmoja jibu la mwingine ndiko kulikoharibia watu wengi mambo yao.

MWOMBAJI ALIYEMO NDANI YA NCHI

Mwenza aliyeko Marekani huomba kubadilishiwa hadhi kwa fomu I-485, ikitegemea ombi la udhamini la mwenzake, fomu I-130. Kanuni ya msingi ni kwamba mwombaji huyu akitoka nje ya nchi kabla ya jibu, bila ya kuwa na kibali cha kurejea, ombi lake huhesabiwa kuwa ameliacha mwenyewe. Hapana anayemzuia uwanja wa ndege wakati wa kuondoka. Mlango hufungwa nyuma yake, naye huja kujua wakati wa kurudi. Ada aliyolipa imepotea na safu ameianza upya, pengine kwa njia ya ubalozi.

Kibali hicho huombwa kwa fomu I-131. Hapa yapo mambo manne ya kuyashika.

Kwanza, kibali kiwe kimekwisha kutolewa kabla ya safari. Kuwa ombi la kibali limepelekwa hakutoshi. Anayeondoka huku kibali kikingali kinashughulikiwa, kwa kawaida hupoteza maombi yote mawili.

Pili, wapo waliosamehewa. Wenye visa ya kazi ya H-1B au L-1, na wenza wao wa H-4 na L-2, wanaweza kutoka na kurejea kwa visa zao bila ya kibali hicho, maadamu hadhi hiyo bado wanayo na visa ni hai. Mwenye visa ya masomo au ya matembezi hamo katika msamaha huu.

Tatu, kibali si dhamana ya kuingia. Afisa wa mpakani ndiye mwenye neno la mwisho. Na ombi la asili likikataliwa wakati msafiri yuko nje, anaweza kujikuta hana njia ya kurejea.

Nne, wakati wa safari barua hazikomi kuja. Anaweza kuitwa kutoa alama za vidole au kuhudhuria mahojiano. Asiyehudhuria wala kuomba tarehe nyingine, ombi lake huweza kufungwa kwa kuhesabiwa ameliacha. Basi kabla ya kuondoka aache mtu mwaminifu wa kufungua sanduku lake la barua.

ALIYEPITISHA MUDA WAKE

Hapa pana hatari kubwa zaidi. Sheria ya uhamiaji iliyopitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1996 imeweka adhabu kwa aliyekaa nchini bila ya ruhusa kisha akatoka. Aliyezidisha zaidi ya siku 180 lakini hakufikia mwaka, hufungiwa kuingia kwa miaka 3. Aliyefikia mwaka mmoja au zaidi, hufungiwa miaka 10. Adhabu hii haimpati maadamu yumo ndani. Humpata kwa kule kutoka.

Mwaka 2012 Bodi ya Rufaa za Uhamiaji iliamua kwamba anayetoka kwa kibali cha kurejea huku ombi lake la ukaazi likisubiri, kutoka kwake hakuhesabiwi kuwa ndiko kule kunakoleta kifungo cha miaka 10. Uamuzi huu umewafaa wengi. Lakini haumlindi kila mtu kwa kila jambo. Aliyewahi kuamriwa na hakimu wa uhamiaji kuondoka nchini, akitoka huwa ameitekeleza amri ile kwa miguu yake mwenyewe. Mwenye kesi ya jinai pia yumo hatarini. Watu wa namna hii wasikate tiketi kabla ya kuonana na wakili wa uhamiaji, na wasitosheke na kauli ya rafiki aliyesafiri akarudi salama, kwani hali ya rafiki huenda haikuwa kama yao.

Aidha, mwezi Juni mwaka 2025 serikali ya Marekani ilitangaza vizuizi vya kuingia kwa raia wa nchi kadhaa, zikiwemo Somalia na Burundi, na orodha za namna hii hubadilika. Kila mwombaji na aiangalie orodha ya siku anayotaka kusafiri.

MDHAMINI AKISAFIRI

Mdhamini ambaye ni raia wa Marekani yuko huru kusafiri, na safari yake haivunji ombi la mwenzake. Lakini mahojiano yakiitishwa ndani ya Marekani, kwa kawaida mume na mke hutakiwa wahudhurie pamoja, ili afisa aridhike kwamba ndoa ni ya kweli.

Mdhamini ambaye ni mkaazi wa kudumu tu hana uhuru huo. Akikaa nje mwaka mmoja au zaidi, kadi yake peke yake haimtoshi kurejea. Humlazimu awe na kibali maalumu cha kurudi, alichokiomba kabla ya kuondoka, na muda wake hauzidi miaka 2. Hata akikaa chini ya mwaka, akionekana kwamba amehamisha maskani yake, anaweza kuambiwa kwamba ukaazi ameuacha. Ukaazi wake ukianguka, na ombi la mkewe huanguka pamoja nao, kwani tawi halisimami bila ya shina.

Kuna jambo jingine ambalo halitambuliwi na wengi. Mke wa raia hana foleni ya idadi ya visa. Mke wa mkaazi wa kudumu anayo. Kwa hiyo mume anapopata uraia, mkewe hutoka foleni. Uraia kwa kawaida hudai miaka 5 ya ukaazi mfululizo, na katika hiyo awe nchini kimwili si chini ya miezi 30. Safari moja inayozidi miezi 6 huleta shaka ya kukatika mfululizo huo, na ya mwaka mzima huukata. Basi mume anayekwenda kukaa nyumbani miezi minane ili awe karibu na mkewe, huenda kwa safari hiyo hiyo akamcheleweshea mkewe kufika. Wayapime haya wawili pamoja kabla ya kuamua.

NDOA YA UWAKALA

Katika fiqhi inajuzu mume kumuwakilisha mtu amkubalie nikaha, naye akawa mbali. Ndoa nyingi za ndugu zetu hufungwa hivyo: bwana arusi yuko Minnesota, nikaha inafungwa Zanzibar. Ndoa hiyo ni sahihi mbele ya Allah (S.W.) zikitimia nguzo na masharti yake.

Lakini sheria ya uhamiaji ya Marekani haimtambui mke wala mume wa ndoa ambayo wawili hao hawakuwa mahali pamoja wakati wa kufungwa, isipokuwa baada ya nikaha hiyo wamekutana na kuingiliana. Hivyo, mume aliyeoa kwa wakala akaharakisha kupeleka fomu I-130 kabla ya kwenda kwa mkewe, ombi lake halina msingi. Hapa safari yenyewe ndiyo inayoifanya ndoa itambuliwe. Na ahifadhi ushahidi wake: tiketi, mihuri ya pasipoti na picha za walima.

MWENZA ANAYENGOJA NYUMBANI

Sasa tuingie katika haki za aliyebaki. Kungoja visa kunaweza kuchukua miaka. Je, mume ana ruhusa ya kuwa mbali muda wote huo?

Imepokewa kwamba Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.), akizunguka Madina usiku, alimsikia mwanamke akiulalamikia upweke kwa kuwa mumewe yuko vitani. Akamuuliza binti yake, Bibi Hafsa (R.A.), mwanamke huweza kustahamili muda gani bila ya mumewe. Mapokezi yanatofautiana baina ya miezi minne na sita. Umar akaweka kwamba askari wasizuiliwe zaidi ya muda huo. Ibn Qudama katika al-Mughni ameeleza hesabu yake: mwezi wa kwenda, miezi minne ya kukaa na mwezi wa kurudi. Muda wa miezi minne unakumbusha pia hukumu ya ila katika Suratul-Baqara aya ya 226, ambapo mume aliyeapa kutomkaribia mkewe amepewa miezi minne, kisha arejee au aache.

Juu ya msingi huu wanazuoni wamekhitalifiana. Katika madhehebu ya Imam Ahmad, mume akizidisha miezi sita bila ya udhuru, na mke akamtaka arudi, huandikiwa na kadhi; akikataa, mke anaweza kufarikishwa naye. Wanazuoni wa Kimaliki nao wanampa mke haki ya kudai kutenganishwa akidhurika kwa ghaibu ndefu ya mumewe. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, ghaibu peke yake haivunji ndoa maadamu nafaka inafika. Kinachompa mke haki ya fasikhi ni kushindwa kupatikana kwa nafaka. Mahanafi hawavunji ndoa kwa ghaibu.

Je, kungoja karatasi ni udhuru? Kutafuta maisha ya halali ni udhuru, na mume aliyezuiliwa na sheria si sawa na aliyejizuia mwenyewe. Lakini udhuru huo unakwenda na ukweli. Mume anayeweza kusafiri akaja kumtazama mkewe kila mwaka, naye haji kwa uvivu au kwa ubahili, asijifiche nyuma ya fomu. Na mke aliyeolewa akajua kwamba atangoja, akaridhia, ridhaa yake ina uzito; lakini ridhaa ya mwaka mmoja si ridhaa ya miaka saba.

Imepokewa vile vile kwamba Sayyidna Umar (R.A.) aliwaandikia makamanda wa majeshi kuhusu wanaume walioghibu na wake zao: wapeleke nafaka au watoe talaka, na anayetoa talaka alipe nafaka ya muda uliopita. Hukumu hii inawagusa moja kwa moja walioko ng'ambo. Kwa Mashafi, nafaka ya mke isiyolipwa haifutiki kwa kupita siku. Ni deni shingoni mwa mume mpaka ailipe au asamehewe. Hivyo asiyetuma fedha miezi kumi kwa kisingizio kwamba anakusanya ada za uhamiaji, ajue kwamba ana deni la miezi kumi.

SAFARI YA MKE

Mke akiwa ndiye mwombaji au mdhamini, na anataka kusafiri, aombe idhini ya mumewe. Akisafiri bila ya idhini yake, nafaka husimama. Akisafiri kwa idhini na kwa haja ya mume, nafaka yake iko pale pale. Akisafiri kwa idhini lakini kwa haja yake mwenyewe, kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi ni kwamba nafaka ya muda huo huanguka, isipokuwa wakifuatana. Haya ni mambo ya kukubaliana kabla ya safari.

Ama maharimu, asili ni kwamba mwanamke asisafiri ila na maharimu wake au mumewe. Mashafi wameruhusu kwa Hija ya faradhi afuatane na wanawake waaminifu. Na katika Bukhari na Muslim imepokewa habari ya mtu aliyeandikwa katika jeshi huku mkewe ametoka kwenda Hija, Mtume (S.A.W.) akamwamuru aende akahiji na mkewe. Tazama namna haki ya kufuatana na mke ilivyotangulizwa mbele ya jambo kubwa kama lile.

MZAZI MGONJWA, MAZIKO NA HIJA

Hakuna linaloutia moyo uzito kama simu ya usiku kwamba mzazi yuko mahututi. Wema kwa wazazi ni wajibu mkubwa. Lakini fiqhi inatufundisha kupima. Kama mzazi ana watoto wengine wanaomuuguza, na aliye mbali anaweza kumhudumia kwa mali, dua na kuzungumza naye, basi kubaki kwake si uasi. Kama hana mwingine, na kukosekana kwake ni kumwacha mzazi apotee, basi haki ya mzazi hutangulia, na riziki iko kwa Allah (S.W.).

Kabla ya kufika hapo kuna njia. Idara ya uhamiaji hupokea maombi ya kibali cha dharura katika ofisi zake za wilaya kwa ugonjwa mzito au kifo cha jamaa wa karibu. Atahitajiwa kuonyesha barua ya hospitali au cheti cha kifo, na cha lugha ya Kiswahili kifasiriwe kwa Kiingereza. Mwenye kuona mzazi wake ni dhaifu, bora aombe kibali mapema, asingoje simu.

Maziko ni faradhi ya kutosheleza. Wakiyatekeleza walioko, dhambi imewaondokea wengine. Naye aliyeshindwa kufika, katika madhehebu ya Shafi na Ahmad anaweza kumsalia maiti aliye mbali, kwa dalili ya Mtume (S.A.W.) alipomsalia Najashi, mfalme wa Uhabeshi, naye yuko Madina. Mahanafi na Wamaliki hawaoni hivyo.

Ama Hija, sharti yake ni uwezo, na usalama wa njia umo katika uwezo. Kwa Mashafi Hija ni wajibu wa nafasi: anayeiahirisha kwa azma ya kuitekeleza hapati dhambi maadamu ameitekeleza kabla ya kufa. Wengi katika wanazuoni wengine wanaona ni wajibu wa papo hapo kwa mwenye uwezo. Mwombaji ambaye kutoka kwake kunamzuia kurudi kwa watoto wake, ana nafasi ya kuahirisha mpaka kibali kitoke.

TALAKA, DHAMANA NA UKWELI

Wengine husafiri wakiwa wameudhiana, kisha mume akatamka talaka kwa simu huku ombi linaendelea. Talaka ya namna hiyo katika fiqhi huthibiti ikikusudiwa na kutamkwa. Na ndoa ikishavunjika kisheria kabla ya ukaazi kutolewa, msingi wa ombi umeondoka. Kuendelea kusema kwamba sisi ni mke na mume ni uongo wa kuapiwa. Vile vile anayeoa kwa ajili ya karatasi tu, ajue kwamba Mtume (S.A.W.) ameitaja nikaha katika mambo ambayo mzaha wake ni kweli. Ndoa ni ndoa, na mahari na nafaka yamemlazimu. Kwa sheria ya Marekani, aliyethibitika kuingia katika ndoa ya ulaghai hakubaliwi tena ombi lolote la udhamini baada ya hapo.

Ndoa ikiwa haijatimiza miaka 2 siku ukaazi unapotolewa, kadi huwa ya sharti ya miaka 2, na wawili hao hupeleka pamoja fomu I-751 ndani ya siku 90 kabla haijakwisha. Safari ndefu isiwasahaulishe tarehe hiyo.

Jambo la mwisho ni hati ya dhamana, fomu I-864. Mdhamini huahidi kumtunza aliyemdhamini kwa kiwango kisichopungua, kwa walio wengi, asilimia 125 ya kiwango cha umaskini. Ahadi hii haikatiki kwa talaka. Hukoma mwenzake akipata uraia, au akihesabiwa robo 40 za kazi, au akifariki, au akihama nchi moja kwa moja na kuuacha ukaazi wake, au mdhamini mwenyewe akifariki. Katika fiqhi nafaka ya mtalaka hukoma kwa kwisha eda. Je, aliyesaini anaweza kusema kwamba dini imemwondolea? La. Suratul-Maida inaanza kwa amri ya kutimiza mikataba. Nafaka ya ndoa imekoma, lakini ahadi aliyojifunga kwa hiari yake imebaki.

UINGEREZA NA KANADA

Waliopo Uingereza wajue kwamba mwenye ombi la kuongezewa muda au la ukaazi wa kudumu lililo mezani, akitoka nje ya Uingereza, Ireland, Visiwa vya Channel na Isle of Man kabla ya jibu, ombi lake huhesabiwa limeondolewa. Kanada, mwenza anayedhaminiwa akiwa ndani ya nchi hana hakika ya kuruhusiwa kurudi akitoka, na asiporudi ombi la njia hiyo linaweza kukataliwa. Mdhamini aliye mkaazi wa kudumu wa Kanada lazima aishi humo. Raia anaweza kudhamini akiwa nje, maadamu atarudi kuishi na mwenzake.

KHITIMISHO

Mtume (S.A.W.) ameifananisha safari na kipande cha adhabu, akausia msafiri aharakishe kurudi kwa watu wake haja yake ikishakwisha. Basi mwenye ombi mezani ajiulize mambo matatu: Je, ninayo karatasi ya kunirudisha? Je, mwenzangu ameridhia, na haki yake imefika? Je, nililoliandika kwa saini yangu ni kweli? Yakitimia matatu haya, asafiri kwa jina la Allah (S.W.). Likikosekana moja, alitengeneze kwanza, awaulize wenye elimu ya sheria ya nchi na wenye elimu ya dini, kwani kila fani ina watu wake.

Wallahu aalam.